Jinsi ya Kukistaafisha Kishikwambi Bila Kukizika

Fungua kabati la mwalimu yeyote unayemfahamu. Nyuma ya madaftari ya andalio la somo, chini ya doti ya kanga ambayo bado haijakatwa, huenda ukakikuta kishikwambi kimelala chali, kimetulia kama mgeni aliyesahauliwa chumba cha uani. Usikidharau. Vifaa vya aina hiyo ndivyo vilivyoihesabu Tanzania. Kuanzia Agosti 23, 2022 makarani wa sensa walipita navyo nyumba kwa nyumba, wakabwekewa na mbwa, wakasimamishwa milangoni, hadi idadi ikapatikana: watu 61,741,120. Kazi ilipokwisha, Serikali ikavigawa kwa walimu. Viko vinavyofundisha mpaka leo, na Mungu avizidishie umri. Mwongozo huu ni wa vile vya kabatini. Kukizika kifaa kizima ni dhambi, na kukibebesha mizigo ya ujana ni dhambi nyingine. Kinachokifaa ni kustaafu kwa heshima.

Kwanza kabisa, hakikisha kwamba marehemu amekufa kweli. Shemeji yangu anafundisha darasa la tano. Siku moja alinikabidhi chake kwa mikono miwili, kama anayekabidhi maiti.

"Shemeji, hiki kimekwenda. Miezi minne hakiwaki."

Nikakichomeka kwenye chaja. Kioo kikabaki cheusi. Tukanywa chai, tukamaliza maandazi, kioo cheusi vilevile. Betri iliyokauka kabisa inahitaji muda kabla haijapata nguvu ya hata kuonyesha alama yake, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakakimbilia kwa fundi. Ilipokaribia nusu saa kikawaka. Shemeji akapiga kigelegele kidogo cha chinichini. Lakini kila ukurasa wa intaneti aliofungua ulikataa, ukamwambia muunganisho wake si salama.

Nikatazama juu ya kioo. Kalenda ilisema Januari mosi, ya mwaka ambao kishikwambi chenyewe kilikuwa hakijatengenezwa.

Hilo ndilo jambo la kukagua kabla ya yote. Kila tovuti ya kuaminika ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kifaa kilichopoteza kalenda kinakiona cheti kama barua ya mwaka ambao haujafika, kwa hiyo kinakikataa, na kina haki ya kukikataa. Nikaweka tarehe na saa, tovuti zikafunguka zote.

"Miezi minne yote hiyo, chaji na tarehe tu?"

"Chaji na tarehe tu, shemeji."

Tarehe ikiwa sahihi na kurasa bado zikagoma, huenda ni orodha ya vyeti iliyozeeka ndani ya kifaa. Septemba 30, 2021 cheti mama kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi sana duniani kilifika mwisho wake, na vifaa vingi vya zamani vikaamka asubuhi vikizikataa kurasa ambazo jana yake vilizifungua bila shida. Dawa yake ni nyepesi kwa Android: weka kivinjari cha Firefox kama kifaa bado kinakipokea, kwa kuwa huja na orodha yake chenyewe ya vyeti.

Sasa tuseme ukweli kuhusu umri. Kishikwambi hakizeeki kama baiskeli, kwa kuchakaa mnyororo. Kinazeeka kwa kuachwa. Itazame iPad ya kwanza. Steve Jobs aliionyesha San Francisco Januari 27, 2010, na Aprili 3 mwaka huohuo ikaanza kuuzwa Marekani kwa dola 499. Haikuwa na kamera. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa megabaiti 256 tu. Miaka miwili baadaye ikapokea mfumo wake wa mwisho, iOS 5.1.1, na safari ikaishia hapo. Zipo ambazo vioo vyake vinang'aa hadi leo, lakini ukizipa programu mpya hazipokei. Mwaka 2017 Apple ikatoa iOS 11, ikazifungia mlango programu zote za biti 32 pamoja na vifaa vya namna hiyo, ikiwemo iPad ya kizazi cha nne iliyotoka mwishoni mwa 2012. Upande wa Android ni hivyohivyo. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kumhudumia yeyote aliye chini ya Android 5.0. Hakuna kilichokatika ndani ya simu wala vishikwambi hivyo. Programu ndizo zilizopanda ngazi, kisha zikaivuta juu.

Mimi naona huo ni uonevu, hasa kwa nchi ambako kifaa kimoja kinatumiwa na watu wanne.

Basi andika barua ya kustaafu. Ichukue karatasi kweli, uandike kazi moja tu ambayo kishikwambi kitafanya tangu leo. Moja. Mzee anayelinda duka, anayelea wajukuu na anayesuluhisha ndoa za mtaa mzima kwa siku moja atalala mapema, na kishikwambi vilevile. Ondoa michezo, ondoa mitandao ya kijamii, ondoa zile programu tatu za kuhariri picha ambazo hakuna anayekumbuka aliziweka nani. Yote hayo yana nafasi yake kwenye simu.

Kazi ninayoipendekeza ni ukutubi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Nenda siku moja mahali penye intaneti nzuri ukavisome hukohuko, na vile vinavyoruhusu kupakuliwa uvipakue. Halafu weka programu ya bure iitwayo Kiwix, ambayo inaibeba Wikipedia nzima ndani ya faili moja na kuisoma bila bando. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na faili lake ni dogo kuliko la Kiingereza kwa mbali mno. Shemeji alifanya hivyo siku ya Jumapili. Jumatatu mtoto mmoja akamuuliza kama twiga ana sauti, na darasa zima likajibanza nyuma ya kioo kimoja cha inchi chache, wengine wamepanda juu ya madawati. Hapakuwa na intaneti wala umeme saa hiyo.

Kuhusu betri, maneno machache. Usikihifadhi kikiwa na sifuri, wala kikiwa kimejaa tele. Nusu yatosha, na kila mwezi kitazame. Ukiona kioo kimeanza kuinuka pembeni, betri imevimba. Zima, usikibonyeze, usikitoboe, na usikichaji tena kabla fundi anayejua kazi yake hajaibadilisha.

Jambo la mwisho la mwongozo, na ndilo linaloliza watu. Usikirudishe kishikwambi kwenye hali ya kiwandani kwa hasira. Tangu Android 5.1, kifaa kilichofutwa bila kuondolewa kwanza akaunti ya Google huweza kudai nywila ya akaunti ileile ya mwanzo. Mwalimu akihama kituo na nywila yake kichwani, shule inabaki na kigae. Toa akaunti kwanza, ndipo ufute. Na kama ni kile cha Serikali, muone mwalimu mkuu kabla hujagusa chochote, maana ni mali ya umma.

Nanyi mnaounda programu za shule, nawaomba kwa moyo wote: kabla hamjaitangaza kazi yenu, azimeni kishikwambi cha 2022 kutoka kwa mwalimu wa kijijini, kilekile chenye ufa kwenye kona. Zimeni intaneti. Fungueni programu yenu, mkae nayo kipindi kizima cha dakika arobaini. Ikisimama hadi kengele ilie, wapelekeeni walimu.