Sifa za CV ya Kushonesha

Wazee wetu walitupotosha. Walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi tukakaa kimya na uzuri wetu mpaka tulipofika Louisville, Kentucky, ambako kizuri kisichojitembeza hulala na njaa. Ndipo tukaijua karatasi ambayo leo naipa heshima iliyonyimwa siku zote: CV iliyoshoneshwa kwa vipimo vya kazi moja, ambayo ukiivaa kwenda kuomba kazi nyingine inakubana kwapani.

Watu huichukia. Wanasema inachosha, eti ni uongo uliopigwa pasi. Wamesahau tulikotoka. Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alining'iniziwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kazi, ndani ya kijaluba cha bati, na humo mwajiri ndiye aliyeandika: alifanya kazi kwa nani, kwa mshahara gani, akaondoka lini. Mwanasiasa Harry Thuku alipinga kipande pamoja na dhuluma nyingine, akakamatwa mwaka 1922. Leo mfanyakazi hujiandikia mwenyewe, tena hujisifu bila kutazama chini. Anayeuona huu kuwa udhia na arudishiwe bati lake.

Tazameni na upole wake. CV za kwetu zilitaka tarehe ya kuzaliwa, ndoa, dini na picha ya pasipoti. Ya Kimarekani haitaki hata kimoja, kwani tangu sheria za 1964 na 1967 za kuzuia ubaguzi kazini, waajiri huona heri wasijue. Kwa ndugu zetu waliopewa 1 Januari kwenye makaratasi ya ukimbizi hii ni rehema. Nani angeeleza kwa nini baba, mama na shangazi wote walizaliwa siku moja?

Lakini uhodari wake hasa uko kwa muuguzi. Mchukue dada aliyesomea Uvira, Kongo, akapata A2 yake, yaani diploma ya uuguzi, akazalisha wanawake miaka nenda miaka rudi. Mkongomani yeyote anajua A2 ni nini. Programu inayochuja maombi ya kazi haijui. Labda inadhani ni ukubwa wa karatasi. Basi dada anaifuta. Anasoma kozi ya msaidizi wa wauguzi, ambayo sheria ya taifa inataka isipungue saa 75, anafaulu mtihani, anajiandika SRNA, maana hivyo ndivyo Kentucky inavyomwita anayeosha wagonjwa na kuwageuza kitandani. Akimfuata kaka yake Columbus, atahamishia jina kwenye daftari la Ohio, jimbo ambalo kwa miaka mingi liliiita kazi hiyohiyo STNA. Akivutwa na mashoga zake hadi Buffalo, New York, kwenye theluji ya kufukia magari, anakuwa CNA. Mikono ileile, shuka zilezile. Asipobadilisha herufi, programu itaona hajawahi kugusa mgonjwa. Mwanamke mmoja, vyeo vitatu, na hakuna hata kimoja kinachotaja kwamba alikuwa akikata vitovu vya watoto kwa mwanga wa kibatari. Ndiyo maana CV yake inatosha ukurasa mmoja.

Wanaume nao hawakusahauliwa. Kupanga vifurushi Worldport, kile kituo kikubwa cha UPS kwenye uwanja wa ndege wa Louisville, kunataka mtu awezaye kuinua pauni 70, yaani kama kilo 32. Aliyezoea magunia ya kilo 50 kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anacheka. Mshauri wa ajira hacheki: usiandike ulibeba magunia, andika una uzoefu wa ugavi. Na diploma ya ualimu? Itoe, wataona umesoma mno, hutakaa. Hivyo CV humfundisha mtu majivuno na unyenyekevu kwa pigo moja, kazi iliyowashinda maustadhi na mapadri wetu.

Kwa mashabiki wenzangu nina ombi dogo tu: kila nakala ipewe jina lake. Mafaili yakiitwa "CV mpya", "CV mpya kabisa" na "CV ya mwisho 2", ipo siku mwalimu wa fizikia ataitwa Buffalo kwa usaili wa ukalimani wa hospitali, avae tai, ajibu kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na mwenye kumsaili aikodolee macho karatasi iliyo mbele yake, kisha amuulize leseni yake ya foklifti inakwisha lini.