Hujafika Mpaka Uoge

Kwetu Unguja mgeni akiingia kutoka safari haulizwi habari za alikotoka. Anapewa pole, anapokewa mzigo, kisha anaonyeshwa bafu lilipo. Ndoo imeshajazwa, kata inaelea juu yake, taulo liko kwenye msumari. Habari za wagonjwa, za misiba na za nani kamwacha nani zinamngoja atoke, maji yakimdondoka kisogoni. Hata anayekudai hukuacha uoge kwanza.

Biashara ya hoteli imeupindua utaratibu huo. Unafika alfajiri, unapewa neno la siri la intaneti, ramani ya mji na karatasi ya kutia saini. Maji ya kuoga ni saa nane mchana. Nimejitahidi kuwaelewa. Aliyelala chumbani jana ana haki yake mpaka saa sita, na akishatoka lazima mashuka yabadilishwe na bafu lisuguliwe. Mimi ni mwalimu wa hesabu na sioni kosa katika hesabu hiyo, ila ndege za usiku hazikuitwa kwenye kikao kilichoipanga. Zenyewe zinatua kabla ya jua, na baina ya kutua na kupewa ufunguo mtu wa heshima zake anazunguka mjini akinuka.

Safari ninayoisemea ilikuwa ya Istanbul. Dada yangu ana duka la nguo Darajani, na mara hii mwenyewe hakuweza kwenda kuchukua mzigo. Akanituma mimi, kwa hoja kwamba mwalimu wa hesabu angalau hatadanganywa kwenye kujumlisha. Niliondoka Unguja jioni, nikabadilisha ndege huko Ghuba usiku wa manane, nikatua Istanbul kabla hakujapambazuka. Saa ya mkononi sikuigusa, kwani tangu 2016 Waturuki wameacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, na mwaka mzima saa yao ni saa yetu. Kwa hiyo mwili wangu ulijua barabara ni saa ngapi. Ulijua kwamba ulipaswa kuwa umelala, na badala yake ulikuwa umebanwa baina ya mzee aliyevua viatu na kijana aliyeagiza juisi ya nyanya. Sijapata kumwona mtu anakunywa juisi ya nyanya ardhini. Angani wanaiagiza, ndege inatikisika, na inayobaki kwenye gilasi ni kidogo. Nyingine niliivaa.

Choo cha kiwanja cha ndege wakati wa alfajiri ni mahali pa kumjua binadamu. Mmoja alikuwa anapunguza masharubu kwa mkasi wa kukatia kucha. Mwingine kavaa koti na tai juu, chini yuko na taulo. Wa tatu kapandisha mguu kwenye beseni la kunawia na anarukaruka kwa ule mmoja uliobaki. Hakuna anayemtazama mwenzake. Kila mtu ameshakubali kwamba akitoka hapo hajaona kitu.

Nikachukua beseni la pembeni. Mabomba ya kule hayana kishikio, yanakutambua yenyewe. Ukiweka mkono linakupa maji ya kutosha kusema bismillahi, linakata. Unausogeza mkono, linangoja. Unakata tamaa, unauondoa, linafoka na kulowesha suruali. Kwa njia hiyo nikafanikiwa kuosha uso, shingo na sehemu ya kifua. Na haki ya mtu asinyimwe: vyoo vya Uturuki vina maji. Kila choo kina kibomba chake kidogo, na Mzanzibari yeyote aliyewahi kwenda Ulaya na kopo la plastiki limefichwa kwenye mkoba anaujua uzito wa habari hiyo.

Kilichonishinda ni kujikausha. Taulo lilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa bado linazunguka huko kwenye mkanda wa mizigo. Ukutani palikuwa na mashine ya kukaushia mikono kwa hewa ya moto. Nikafungua vifungo vya shati, nikainama, nikanyanyua mkono na kuiwekea kwapa. Ilifanya kazi vizuri sana, nakwambia. Nilikuwa nageuka upande wa pili mfagizi alipoingia na ndoo yake. Alinitazama kwa muda, hakusema neno, akakifungua kile kibao cha njano cha kuonya kwamba sakafu imelowa, akakisimamisha mbele yangu ili watu wapite mbali.

Hoteli ilikuwa Laleli, mtaa wa wauza nguo za jumla. Kijana wa mapokezi alikuwa na suti iliyonyooshwa, na adabu nyingi kuliko nilivyohitaji.

“Karibu sana, bwana. Chumba chako kitakuwa tayari saa nane.”

“Saa hizi ni saa mbili asubuhi.”

“Ndiyo, bwana. Neno la siri la intaneti hili hapa.”

Simu ikaunga mtandao na hapo hapo ikalia. Dada.

“Assalaam aleikum. Umefika?”

“Nimefika, dada. Ila chumba bado.”

“Umeoga?”

“Bado.”

“Basi hujafika,” akasema, akakata.

Nikaona isiwe taabu, angalau nibadilishe shati. Nikalilaza sanduku palepale ukumbini, nikafungua zipu, na achari ikatoka kunilaki. Dada alikuwa amepachika chupa ya achari ya embe katikati ya nguo zangu bila kuniambia, zawadi kwa kijana wa mtaani kwetu anayesoma Istanbul. Aliifunga vizuri, kwa mfuko wa plastiki na uzi. Nadhani aliyelirusha sanduku uwanjani hakujulishwa. Mafuta, haradali, manjano na pilipili vilikuwa vimesafiri nguo hadi nguo, na kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa ilikuwa na rangi ya pilau ya Kihindi. Paka wa hoteli, kwani Istanbul kila mlango una paka wake kama kwetu Mji Mkongwe, akaja kunusa, akapiga chafya, akatoka nje.

Kijana wa mapokezi hakupiga chafya. Aliinama chini ya meza, akaibuka na chupa ya kolonya. Waturuki humkaribisha mtu kwa kolonya, manukato ya limau yenye alkoholi kali, mara nyingi digrii 80. Humiminiwa viganjani kwa kinyozi, ndani ya basi la masafa, na majumbani siku ya Idi. Akanimiminia mimi, akajimiminia yeye, halafu, akidhani sioni, akamiminia na sanduku. Kisha akalisukuma mwenyewe hadi stoo ya mizigo, na kwenye ile safari yake ya stoo alikwenda mbio.

“Bwana,” akaniambia aliporudi, “umewahi kwenda hamamu?”

Mpaka leo sijui kama ulikuwa ukarimu au hatua ya kulinda afya ya umma.

Kwanza nilijaribu mskiti. Kila mskiti wa mji ule una safu ya mabomba nje, na vigoda vya mawe mbele yake kwa ajili ya wanaotia udhu. Maji baridi, hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala chumba chako kiko tayari saa ngapi. Nikaosha miguu nikapata faraja kubwa. Lakini udhu una mipaka yake. Mikono inaishia kwenye viwiko, na tatizo langu lilikuwa linaanzia juu ya hapo.

Sasa hili la hamamu lina aibu ndani yake. Mimi nimezaliwa Hamamni. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyejenga pale hamamu ya umma kwa mtindo wa Kiajemi, na mtaa mzima ukachukua jina. Hamamu yenyewe iliacha kufanya kazi 1920. Utoto wangu wote nimepita mlangoni pake nikienda skuli, nikiona watalii wanalipa kiingilio ili watazame mabirika makavu. Mtoto wa Hamamni sijapata kuoga hamamu, na babu yangu sina hakika.

Vituo viwili vya tramu kutoka Laleli iko Çemberlitaş, hamamu aliyoichora Mimar Sinan na kukamilika 1584 kwa agizo la Nurbanu Sultan, mama yake Sultani Murad III. Wenyeji wanaisifu sana, na bei yake inajua kwamba inasifiwa. Nikauliza ya mtaani. Nikaonyeshwa mlango mdogo chini ya ngazi, na ndani mzee ananywa chai. Akanipa shuka ya kujifunga, kikoi kabisa isipokuwa rangi, na jozi ya mitalawanda. Mitalawanda niliijua. Nikatembea kwa madaha juu ya marumaru iliyolowa, nikiwaona watalii wawili wanajishikilia ukutani, na hiyo ndiyo heshima pekee niliyoipata siku ile.

Ndani kuna joto, kuna kuba lenye matundu madogo ya mwanga, na katikati kuna jiwe kubwa la marumaru lililopashwa moto. Unalala juu yake, mwili unalainika, unaanza kusamehe watu. Nilikuwa nimefika kwa yule wa juisi ya nyanya alipokuja msuguaji, mtu wa makamo mwenye mikono ya kubebea magunia, kavaa kese, ile glavu yao ya kitambaa kikavu. Kwetu anayesuguliwa hivyo ni bi harusi, kwa singo, na somo wake huwa anamwimbia. Mimi sikuimbiwa. Nilisuguliwa mgongo, mbavu, nyuma ya magoti, sehemu ambazo dodoki halijawahi kufika wala sikudhani zina haja. Halafu akaninyanyua mkono, akanionyesha. Nongo. Nongo zimejiviringisha mkono mzima, za kijivu, nyingi, na yeye anatabasamu kwa fahari ya fundi.

Nilitaka kumweleza kwamba sisi ni watu safi, kwamba kwetu tunaoga mara mbili kwa siku na wakati wa kaskazi mara tatu. Kituruki changu chote kilikuwa neno moja, merhaba, na nilishalitumia mlangoni. Akachovya mfuko wa kitambaa kwenye maji ya sabuni, akaupepea ukajaa hewa, akaukamua, nikafunikwa na povu nisionekane. Kisha tasa za maji ya moto, moja baada ya moja, na ya mwisho ya baridi bila onyo. Nilipiga ukelele ambao kuba liliurudisha mara kadhaa ili kila mtu asikie.

Nikakalishwa ukumbini na taulo kiunoni, taulo mabegani na taulo kichwani, gilasi ndogo ya chai mkononi. Sidhani kama nimewahi kuwa safi namna ile, nikihesabu na siku ya harusi yangu.

Ndipo nikalikumbuka shati. Lilikuwa linaningoja kwenye ndoano, na nyanya zake kifuani. Kulivaa shati chafu juu ya mwili mchafu si kitu, vinafahamiana. Kulivaa juu ya ngozi ambayo imetoka kusuguliwa ni kuisaliti. Nililivaa kwa ncha za vidole, nikatoka nikitembea wima ili linifikie sehemu chache iwezekanavyo.

Bahati nzuri nilikuwa Laleli, mtaa wenye mashati kuliko watu. Sovieti ilipovunjika mwaka 1991 wafanyabiashara wa kule walimiminika hapa kubeba nguo kwenye masanduku na mifuko, na tangu hapo mtaa unaishi kwa wageni wa aina hiyo, sisi wa Kariakoo na Darajani tukiwa ndani yake. Nikaingia duka la kwanza.

“Shati moja, tafadhali.”

“Seri,” akasema muuzaji.

“Moja tu. La kuvaa.”

“Seri.”

Kule hawauzi shati. Wanauza seri, furushi lenye shati moja la kila saizi, kuanzia la mtu mwembamba hadi la mtu mwenye nafasi yake mjini. Nikaingia duka la pili, la tatu, jibu lile lile. Hapo ndipo hesabu niliyotumwa nayo ilipofanya kazi: ninahitaji moja, ninalipia matano, na fedha ni za dada. Nikalipa. Nikabadilisha nyuma ya sanamu ya kuonyeshea nguo, na muuzaji, kwa furaha ya kufungua siku, akanimiminia kolonya viganjani. Nikajipaka mashavuni na shingoni kwa mazoea. Nilikuwa nimesahau kwamba ngozi ya juu imebaki hamamu.

Simu ikalia kwa video wakati huo huo.

“Mbona unalia?” akauliza dada.

“Kolonya.”

Hakunisikiliza. Alikuwa ameisogeza simu karibu na uso wake. “Hebu rudi nyuma. Shati gani hilo? Geuka. Kola yake ikoje? Bei gani kwa seri?” Nikamtajia. Kimya kidogo, anajumlisha. “Chukua seri kumi, na rangi ya maziwa seri tano. Umeona? Nilijua una jicho.”

Saa nane kamili nilikuwa mapokezi nikipewa ufunguo na yule kijana, ambaye sasa aliniita bwana akiwa amesimama karibu zaidi. Nikamkuta pia mwanafunzi wetu kwenye kiti, amefuata amana yake. Nikamtolea sanduku stoo, nikamfungulia, nikaanza kumwomba radhi kwamba chupa imebaki na robo tu. Hakujibu. Aliinama juu ya nguo, akavuta pumzi ndefu, akaitia ile robo kwenye mkoba wake, kisha akaniuliza kwa haya kama anaweza kuondoka na kanzu pia.