Sifa za Lugha ya Mtoto wa Miaka Miwili

Lugha ya mtoto wa miaka miwili ni lugha yenye msemaji mmoja, wasikilizaji wengi na wakalimani wawili, ambao ni baba na mama. Sifa yake kuu ni ubanaji wa matumizi. Neno "maji" hutamkwa "mai", na kwa bei ya silabi mbili hununua maji ya kunywa, chai, soda, mvua, bomba, kuoga, na kijana anayeosha magari mtaani. Kitenzi nacho hupunguzwa mzigo. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi na kuchapisha kitabu mwaka 2005, alionyesha kwamba watoto wanaojifunza Kiswahili hudondosha mara kwa mara viambishi vya mtenda na vya wakati, lakini irabu ya mwisho hawaiachi. Kwa hiyo "maji yamekwisha" huwa "mai isha", na hakuna anayebaki na shaka. Mamlaka ya maji huhitaji tangazo la aya tatu, lenye mhuri na pole kwa usumbufu, kusema jambo hilohilo, na bado watu huuliza.

Sifa ya pili, ukweli, yatosha kutajwa tu: mwenye nyumba akibisha hodi, huelezwa baba kajificha chumba gani.

Ubanaji wa matumizi nao una kasoro ndogo. Kilichookolewa kwenye kiambishi hufujwa chote kwenye marudio. "Mai" huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Kikombe huletwa, hukataliwa, huletwa kingine, humwagwa kitandani, kwa sababu safari hii "mai" ilikuwa simu, na mtu mzima aliyelala saa nane usiku alitakiwa kulijua hilo mwenyewe! Asipolijua, hulaumiwa na mtoto, kisha na mkalimani mwenzake.

Mzazi, hata hivyo, haoni kasoro. Mgeni hajavua viatu, mtoto keshaamriwa: "Msalimie anti, sema shikamoo." Mtoto hujibu "amoo", au hujibu kwa kidole puani, na mgeni hufafanuliwa heshima aliyopewa. Video hurushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kisha hurushwa tena kwa ajili ya wale walionyamaza.

Furaha hiyo hudumu mpaka miaka mitatu hivi. Wakati huo mtoto keshasema "kiti kimevunjika" na "maji yamemwagika" bila mwalimu, kitabu wala ada, na ngeli anazipanga mwenyewe. Ndipo mzazi yuleyule humtafutia chekechea ya "ingilishi midiamu". Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali mwaka 1967. Baadaye shule binafsi zikapata cha kuuza: Kiingereza. Katika baadhi yake Kiswahili ni marufuku kuanzia getini, na anayeteleza huvalishwa kibao shingoni. Mtoto aliyekuwa akiamsha nyumba nzima kwa neno moja hujifunza kuomba ruhusa ya kwenda msalani kwa lugha asiyoijua, au kujikojolea kimya. Bibi akipiga simu kutoka kijijini hujibiwa "fain tenkyu", na simu hurudishwa kwa mama.

Mwisho wa muhula ripoti huandikwa kwamba mtoto haongei darasani. Dawa inayopendekezwa ni tuisheni ya Jumamosi, ambayo hulipiwa kando.