Majivu, Limau na Maji ya Betri

Kilimo bila udongo, ambacho wataalamu hukiita haidroponiki na ambacho mizizi ya mboga huning'inia ndani ya maji yaliyotiwa virutubisho badala ya kufukiwa ardhini, husifiwa kwa kumwondolea mkulima magugu, jembe na maumivu ya kiuno. Kisichotajwa sana ni kwamba humwachia ndoo ya maji, na mtu aliyeachwa peke yake na ndoo ya maji ni nadra kukaa siku mbili bila kuitia kitu. Katika mji wa Songea hatari hii ni kubwa kuliko kwingi, na chanzo chake ni malezi mema.

Udongo mwekundu wa sehemu hizo za mkoa wa Ruvuma huoshwa kila mwaka, kati ya Novemba na Aprili, na mvua inayoondoka na kalsiamu yake, kisha huongezewa ukali na mbolea kama SA, yaani salfeti ya amonia, na kwa hiyo mkulima amekua akiambiwa na mabwana shamba kwamba uchachu ni adui wa mahindi na dawa yake ni chokaa. Shambani somo hilo ni la kweli kabisa. Udongo ukiwa mchachu kupita kiasi, madini ya alumini yaliyofungwa ndani ya udongo wa mfinyanzi huyeyuka na kuviza ncha za mizizi, hivi kwamba kinachodumaza mahindi mara nyingi si uchachu wenyewe bali ni huyo mfungwa aliyefunguliwa na uchachu. Ndani ya ndoo ya plastiki hamna udongo wa mfinyanzi wala alumini, na mboga zinazokaa humo hutaka maji yawe machachu kidogo, jambo ambalo mtu aliyelelewa na chokaa hulisikia kama matusi.

Kipimo cha uchachu huo huitwa pH, nacho kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, yaani maabara ya kiwanda cha bia, habari ambayo mzee wa kanisa anayelima saladi uani kwake mtaani Mfaranyaki si lazima aelezwe. Kwa kawaida kipimo huhesabiwa kutoka 0 hadi 14. Chini ya 7 ni uchachu, juu yake ni ualkali, yaani hali ya magadi, na kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo maji ya pH 5 ni machachu mara 100 kuliko ya pH 7. Mboga nyingi za majani, zikiwemo chainizi, sukuma wiki na saladi, hustawi kati ya 5.5 na 6.5.

Maji yakipanda kupita 7, madini ya chuma hugeuka chembe za kutu zinazotuama chini ya ndoo, na fosforasi hushikana na kalsiamu ikawa unga mweupe, hali vyote viwili vimeshalipiwa dukani. Jani changa la chainizi huanza kuwa la manjano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki ya kijani, hadi mtu aliyesimama mlangoni anaweza kuihesabu mmoja mmoja. Hapo ndipo ukoo hukutana. Shemeji husema mbolea imezidi; jirani huuliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyepita hapo uani jioni; mama mkwe, aliyekuja kusalimia kutoka Namtumbo, huinua jani kwa vidole viwili na kutamka, "Baba, hizi mboga zina njaa." Kwa mizani ya kisayansi mama mkwe ndiye mshindi, kwa kuwa mboga zina njaa kweli, ila ni njaa ya kukaa mbele ya chakula kisichomezeka; kwa bahati mbaya hukumu yake humfanya mkwewe aongeze mbolea, nayo hutuama vilevile.

Kinachostahili kuchunguzwa ni jinsi maji hayo yalivyofika huko juu. Mvua inayokingwa kwenye bati, kwa kuwa huyeyusha hewa ya kaboni dioksidi njiani, hufika chini ikiwa na pH inayokaribia 5.6, yaani huwasili ikiwa tayari pale inapotakiwa, bila ada wala semina. Lakini huwa haina bikaboneti za kutosha, zile chumvi zinazoyapa maji ukaidi wa kutobadilika, na hivyo hukubali ushauri wa kila mtu. Mkulima akisikia kwamba maji yake ni machachu, huenda jikoni, huchota majivu kwa nia njema kabisa na kuyakoroga. Kaboneti ya potasiamu iliyomo hufanya kazi yake kwa dakika chache, nazo mboga huanza kugeuka manjano baadaye, wakati majivu yameshasahaulika. Wengine hawagusi jikoni ila hujenga tangi la saruji, na saruji mpya huachia chokaa ndani ya maji kwa muda mrefu, ikiyapandisha hata kupita 10 bila mtu kunyanyua kijiko.

Baada ya kosa hilo huja tiba. Limau hushusha pH papo hapo, na kwa muda mfupi nyumba nzima hufurahi. Kisha vijidudu vilivyomo majini hula tindikali ya limau kama chakula, pH hupanda tena, na ndoo huanza kunuka juisi iliyolala. Hatua inayofuata ni duka la vipuri, ambako chupa mbili huuzwa kwa ajili ya betri: moja ni maji yaliyotoneshwa kutokana na mvuke, yasiyo na kitu, ambayo hayabadilishi chochote hata yakimiminwa chupa nzima, na nyingine ni asidi ya salfuriki, inayotosha kutoboa suruali. Anayeanza na ya kwanza huona haina nguvu na kurudi kudai ile yenyewe. Hapa ucheshi usimame kidogo: asidi huongezwa kwenye maji taratibu, kamwe maji hayamiminwi kwenye asidi, na iliyotoka ndani ya betri kuukuu ina risasi, sumu isiyofaa kukaribia mboga.

Kupima nako kuna vituko vyake. Juisi ya choya huwa nyekundu kwenye uchachu na huelekea ukijani kwenye ualkali, na ingekuwa kipimo bora cha bei nafuu kama watoto wasingeimaliza kabla ya jaribio. Kipima pH kinachotumia betri, ambacho ncha yake ya kioo hutakiwa kubaki na unyevu daima, hufutwa vizuri kikawekwa kabatini kikavu, na kuanzia hapo husoma kinavyojisikia. Hata kipima kizima huleta ugomvi wa ndoa kama ndoo inapigwa na jua, kwa sababu mwani hufyonza kaboni dioksidi mchana na kupandisha pH, kisha huirudisha usiku ikashuka. Mke aliyepima alfajiri na mume aliyepima alasiri wote husema kweli. Mboga zenyewe nazo zimo katika mchezo huo, kwani zikila naitrojeni ya aina ya naitreti hupandisha pH, na zikila ya aina ya amonia huishusha.

Mtu akivumilia yote hayo, majuma kadhaa baadaye huvuna sukuma wiki yenye majani mapana, iliyolindwa kwenye pH 6 kwa mapambano, na kuikabidhi jikoni. Mpishi huikata, huibandika, kisha hutupia magadi kidogo ili iive upesi na ibaki kijani, kwa kuwa alkali hulainisha kuta za jani na kuzuia rangi yake isififie, ijapokuwa hupunguza vitamini C. Maji ya sufuria hupanda kupita 8 kwa kufumba na kufumbua, na hakuna anayeuliza kipima kiko wapi.