Chai Isiyotaka Moto

Kwetu Moiben chai huchemshwa. Maji, maziwa, majani na sukari vinaingia kwenye sufuria moja, mtu anasimama na kijiko mkononi akingoja ipande. Ikipanda inaepuliwa, ikishuka inarudishwa, ikipanda mara ya pili imeiva. Hayo ndiyo yote niliyoyajua kuhusu chai kwa miaka hamsini na miwili, na sikuwahi kulala njaa kwa ajili hiyo.

Kisha Februari kijana wa dada yangu akarudi likizo kutoka Japani. Ni mkimbiaji. Kampuni ya huko imemwajiri aikimbilie ekiden, zile mbio za barabarani za kupokezana ambazo Wajapani wanazifuatilia kama sisi tunavyofuatilia siasa. Njia hiyo aliipita Samuel Wanjiru, aliyesomea Sendai kabla ya kutwaa dhahabu ya marathoni Beijing mwaka 2008, na vijana wa kwetu Uasin Gishu wanaijua vizuri. Wakirudi, wenzake huwaletea wajomba zao viatu. Mimi nilikuwa nimeshaosha miguu. Zawadi yangu ikawa pakiti tatu za majani na birika dogo la udongo lenye mkono ubavuni, kama sufuria iliyobadilisha nia njiani. Kwenye pakiti sikuweza kusoma chochote isipokuwa 100 g.

Siku ya pili tulikuwa na watu saba wa kupukuchua mahindi. Saa nne ikafika, majani yetu ya kawaida yakawa yamekwisha. Mama watoto akafungua pakiti moja, akatia konzi nzima kwenye maziwa. Ilipanda vizuri, hilo siwezi kuinyima. Lakini rangi! Nimepeleka ng'ombe dipu tangu utotoni na ile rangi naijua. Watu wakashika vikombe, wakatazamana. Mzee mmoja akanywa funda moja, akauliza kwa sauti ya upole, "Kwani hapa nyumbani kuna mgonjwa?"

Nikampigia kijana simu.

"Mjomba, hiyo ni sencha! Haipikwi na maziwa."

"Basi inapikwa na nini?"

"Haipikwi."

Jioni akaja kwa bodaboda kunifundisha, naye hufundisha anavyokimbia, bila kupumzika. Kumbe mmea ni uleule ulioko hapa jirani zetu Nandi Hills. Kinachotofautiana ni mambo yanayofuata baada ya kuchumwa. Majani ya kwetu hunyaushwa, hukatwakatwa na mashine, kisha huachwa yapigwe na hewa mpaka yawe ya kahawia ndipo yakaushwe. Yakifika jikoni yameshaona dunia, maji yanayotokota hayayashtui. Ya Wajapani hupitishwa kwenye mvuke mara tu yanapochumwa, muda wa nusu dakika hivi, yasipate nafasi ya kubadilika, halafu husokotwa yawe membamba kama sindano na kukaushwa yakiwa bado kijani. Mtindo huo unahesabiwa tangu mwaka 1738, na sifa hupewa Nagatani Soen, mkulima wa upande wa Uji. Karibu miaka mia tatu watu wameinyenyekea chai hii, nasi tumeiua kwa dakika kumi mbele ya mashahidi saba.

Sasa sikiliza masharti yake. Maji ya sencha yasizidi digrii 80, yasipungue 70. Nikamwambia kipimajoto nilichonacho ni cha ng'ombe na kinaishia arobaini na kitu. Akasema hakuna haja: chemsha maji, yamimine kwenye kikombe, kutoka hapo kwenye kikombe kingine. Kila yanapohama yanapoteza kama digrii kumi. Halafu akaongeza kwamba sisi tumebahatika, kwa sababu tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka yakiwa kama 93 tu. Mwinuko huu umewapa majirani zangu medali na magari. Mimi umenipunguzia kumimina mara moja.

Vijiko viwili vidogo vya majani kwa vikombe viwili. Funika. Dakika moja. Usikoroge, usitikise, usichungulie. Kisha unamimina kidogo huku, kidogo kule, ili kikombe kimoja kisiwe kikali kuliko mwenzake, mpaka tone la mwisho, maana maji yakibaki ndani yanaendelea kuvuta uchungu na raundi ya pili imeharibika. Raundi ya pili maji yawe moto zaidi, na sekunde chache zinatosha. Vikombe vyenyewe ni vya kunywea dawa ya kikohozi. Mama watoto alipokabidhiwa chake alikigeuza-geuza, akauliza, "Hii ni ya kuonja. Chai yenyewe inakuja saa ngapi?"

Hata maji nayo yana ubaguzi. Ya kisima chetu yanaifanya iwe nzito na butu. Ya mvua, ya kwenye tangi, inayapenda. Nikaanza kujiuliza kama ninatunza chai au mkwe.

Pakiti ya pili ilikuwa gyokuro, na hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa. Kabla ya kuchumwa, miti yake hufunikwa isipate jua kwa siku kama ishirini. Sababu yao ni kwamba jua hugeuza kitu kiitwacho theanini, chenye utamu wa supu, kikawa katekini, chenye uchungu. Sawa. Maji yake digrii 50 au 60, yaani yale tunayoogeshea mtoto mchanga ukiyaongezea moto kidogo, na kinachotoka kinatosha kulowesha ulimi. Ladha ni ya supu ya mboga iliyopikwa na mtu mwenye siri. Ni nzuri, sikatai, lakini mtu aliyetoka kufunga ng'ombe hawezi kungojea dakika mbili ili alowe ulimi.

Kosa kubwa lilikuwa langu, nakiri. Sencha iliyobaki niliiweka kwenye rafu karibu na jiko, pakiti wazi, kando ya vitunguu na omena. Majani haya hunyonya harufu kuliko nguo. Kwa wiki mbili nilikunywa chai ya Japani yenye upepo wa Ziwa Victoria. Sasa iliyonusurika iko kwenye mkebe uliofunikwa, kabatini, mbali na mwanga, na ukishaifungua usiipitishe miezi miwili. Kijana alinionyesha pia namna ya kuitambua iliyo nzuri: majani ya kijani iliyokolea, yanayong'aa, marefu, bila vumbi jingi chini ya pakiti.

Na jambo hili lisifike kwa wale wapukuchuaji: siku hizi, saa tisa, kazi zikitulia, hujiandalia kikombe mwenyewe na kukaa nyuma ya ghala. Ukiinamisha pua juu yake unapata nyasi za Rhodes zilizokatwa asubuhi, kabla hazijafungwa hei. Katika miaka yote niliyokunywa chai ya maziwa sikuwahi kusikia harufu ya jani lenyewe.

Lakini kama unataka chai ya Japani kwa boma la Moiben, achana na hizo mbili, uliza hojicha. Ndiyo iliyokuwa pakiti ya tatu. Majani yake yamekaangwa mpaka yakawa ya kahawia, na haina madaha: maji yanayotokota, nusu dakika, kwisha. Nilimpelekea mama yangu, ambaye watoto wangu wanamwita Kogo, bila kumwambia imetoka wapi. Akanusa, akanywa, akanusa tena. Akasema ina moshi kama sotet, kile kibuyu chetu, iliyosafishwa kwa mkaa wa mti wa senetwet siku ya kutia maziwa ya mursik. Kwa Kogo hakuna sifa inayozidi hiyo. Akamaliza kikombe, akaagiza kingine, safari hii kwenye kikombe cha watu wazima na kitiwe maziwa. Nikatia. Haikulalamika.

Tangu siku hiyo pakiti si yangu tena, na juzi imekwisha. Kijana hatakuja Krismasi, kwa kuwa timu za kampuni hukimbia ekiden yao tarehe 1 Januari. Basi mpwa wangu, ukisoma haya huko uliko: hojicha, pakiti nne, Kogo anauliza. Birika usilete lingine. Na viatu mimi navaa namba 9.