Barua ya Wazi kwa Wenye Funguo za Mikopo ya Wanafunzi

Ayany, Kibera,
Nairobi.

Waheshimiwa mabwana na mabibi,

Sisi wanafunzi wa vyuo vikuu tuliopanga vyumba huku Ayany twawaarifu kwamba tungali hai, jambo ambalo, kwa tunavyoona, halikuwamo katika makadirio yenu ya muhula huu. Kwani mwenye nyumba amekwisha kudai kodi, mitihani i mlangoni, na fedha za kujikimu bado “zinashughulikiwa”.

Twashukuru kwa nasaha za mlo kamili tusomewazo kila muhula: matunda, maziwa, mboga, usingizi wa kutosha na mazoezi ya viungo. Mazoezi tunayo, maana nauli ikikosekana hupita soko la Toi kwa miguu tukaifuata Barabara ya Ngong hadi mjini. Usingizi hatuna, kwa kuwa chai ya strungi inywewayo badala ya chakula cha usiku humkeshesha mtu bila ya kumshibisha. Mboga nazo twaziona kila jioni zikikatwa kibandani, kwa mama ambaye daftari lake la madeni limekwisha kurasa.

Basi, maadamu kalenda yenu haibadiliki, ombi letu kuu ni matumbo yetu yaamriwe kuifuata. Mtoe waraka kwa kila tumbo la mwanafunzi, utangazao kuwa mwaka wa njaa utaanza tarehe 1 Julai, sawa na mwaka wa fedha wa Serikali. Kwamba tumbo litakaloona njaa nje ya wakati lijaze fomu, liambatishe barua ya chifu na nakala ya kitambulisho cha mzazi, kisha lingojee ujumbe wa simu. Kwamba matumbo yapangwe kwa madaraja, kama tulivyopangwa sisi katika mpango wa ufadhili wa 2023, ili tumbo la mtoto wa mchuuzi wa Toi lisijisahau likanguruma kwa sauti ya tumbo la mtoto wa waziri. Na kwamba tumbo lingurumalo ndani ya chumba cha mtihani lishtakiwe kwa kutoboa siri za ofisi. Lisiloridhika likate rufaa, na rufaa isikilizwe baada ya mahafali.

Maombi mengine ni madogo: mitihani ifanywe saa tisa za usiku, strungi ingali kazini, na nasaha za mlo kamili zipigwe chapa juu ya chapati.

Lakini mwajua, waheshimiwa. Tarehe ya mtihani mwaijua, ya kodi mwaijua, na Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, impayo kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, mwaijua kutushinda. Kijana huketi mbele ya maswali herufi zikimcheza machoni, na akianguka huambiwa ni mvivu. Huo si uzembe wa karani. Ni udhalimu, na wautendao hula mchana.

Mtuwie radhi, mwenye njaa hana miiko.

Neno la mwisho ni la insafu. Sisi tukichelewa kuulipa mkopo hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi, wala hatukatai, maana dawa ya deni ni kulipa. Twaomba faini iyo hiyo, kwa kila mwezi mchelewao nyinyi, apewe mama wa kibanda. Mitihani yaanza Jumatatu. Fedha na zije kabla yake.

Ni sisi wadeni wenu,
Wanafunzi wa Ayany.