London Wana Sungura Zuzu

LONDON. Wapiga karata wa stendi ya Mombo, huku karata ina katibu, ada na mwamuzi. Wanne huketi mezani wakiitwa Kaskazini, Kusini, Mashariki na Magharibi, kila mmoja na karata 13, na anayekutazama usoni ndiye mwenzako. Hakuna anayebamiza. Hata turufu haitajwi kwa mdomo: mchezaji huchomoa kikadi kwenye kisanduku kilicho kiwikoni pake, hukilaza mezani taratibu, kisha hutazama dari. Kwa mtu aliyezoea kucheza huku basi la Arusha likipiga honi na wauza plamsi wakikimbilia madirishani, kimya hicho kinaweza kuleta homa.

Mchezo wenyewe ni bridge. Hesabu ya pointi inayofuatwa leo ilitungwa na tajiri wa Marekani, Harold Vanderbilt, mwaka 1925, akiwa safarini melini kupitia mfereji wa Panama. Mengine ya ufundi tuwaachie wenyewe. Utamu uko kwa wachezaji.

Na wachezaji wamo vitabuni. Mwaka 1965 Victor Mollo, mzaliwa wa St Petersburg ambaye familia yake iliyakimbia mapinduzi ya Urusi, alichapisha Bridge in the Menagerie, masimulizi ya klabu ya kubuni iitwayo Griffins, ambako wanachama wengi wamepewa majina ya wanyama na ndege. Fundi wao mkuu ni Nguruwe. Mtuwie radhi, ndivyo alivyoitwa. Anawashinda wote, anakula na kunywa vya wenzake, na kila mkono ukiisha anawaeleza kwa sauti walivyo wajinga. Kila kijiwe kina wake, ingawa Mombo hakuna atakayethubutu kumwita hivyo.

Sungura ndiye atakayewashangaza. Sisi tumelelewa na Sungura anayemtosa simba kisimani. Wa Mollo ni zuzu. Anasahau kuhesabu, anachanganya karata mkononi, anatupa pau akidhani ni shupaza. Mezani wanashusha pumzi. Karata inazunguka, na kumbe ile pau ndiyo pekee iliyokuwa na ushindi! Mpinzani wake, Mgiriki aitwaye Papa, aliyepiga hesabu zake hadi karata ya mwisho, anabaki kushika kichwa, na Sungura anamwomba mwenzake msamaha kwa kushinda.

Jirani yake ni Karapet, Mwarmenia mwenye hakika kwamba ukoo wake ulilaaniwa na mchawi zamani. Bridge ina mikono zaidi ya bilioni 635 inayoweza kumwangukia mtu, na kwa maelezo yake mibaya yote hupitia kwake. Kushindwa amekwisha kuzoea. Anachotafuta ni wa kumsimulia. Yupo pia Ndege Karani, jina la yule mwenye miguu mirefu anayetembea nyikani Mkomazi. Huyu kahifadhi kanuni zote, na mpinzani akiteleza kidogo tu yeye huita mwamuzi. Mara nyingi kanuni aliyoing'ang'ania ndiyo inayomwangusha mwenyewe.

Kabla ya Mollo alikuwapo S. J. Simon, mzaliwa wa Harbin, aliyetoa Why You Lose at Bridge mwaka 1945. Humo mna Bi Guggenheim, asiyejua kucheza na anayejua kwamba hajui, na Fundi Asiye na Bahati, anayejua kila kitu na kuliwa kila jioni. Kisa ni kwamba fundi humchezea mwenzi anayemtamani, si Bi Guggenheim aliyeketi mbele yake. Kati ya vitabu hivi, hicho ndicho cha kumpelekea fundi wa stendi, bila kutaja nani kamtumia.

Yaliyotokea kweli nayo hayako nyuma. Mwaka 1965, uleule wa kitabu cha Mollo, kwenye mashindano ya dunia Buenos Aires, Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro walituhumiwa kupashana idadi ya kopa walizonazo kwa vidole vilivyoshika karata. Shirikisho la dunia likawatia hatiani. Uchunguzi wa kwao Uingereza ukawasafisha mwaka uliofuata. Mombo mtu angekonyeza, yakaisha.

Reese baadaye aliungana na David Bird kutunga visa vya watawa wacheza bridge, wakiongozwa na abati mwenye hasira za karibu. Watawa hao wana misheni katika Afrika ya kubuni, na hapo kichekesho kinachacha kidogo, maana Afrika yenyewe ni ileile ya ngoma na waganga. Watunzi wangepanda ile barabara ya Lushoto wakafika Sakharani, karibu na Soni, wangewakuta Wabenediktini wa kweli, na divai yao.

Habari ya mwisho ni ya mahakamani. Chama cha bridge cha Uingereza kilidai mchezo wake utambuliwe kuwa spoti. Mahakama Kuu ikakikatalia mwaka 2015. Kilikuwa pia na kesi ya kodi, na tarehe 26 Oktoba 2017 majaji wa Umoja wa Ulaya wakaamua kwamba mchezo usioushughulisha mwili haustahili msamaha wa kodi wa michezo. Tatizo lao ni kwamba hawabamizi. Ninyi wa Mombo, na meza hiyo mliyokwisha kuivunja mguu, mngekuwa na ushahidi wa kutosha.